Nani kasema zilipendwa?

Watanzania huziita nyimbo za zamani zilipendwa, Wakenya huziita zilizopendwa, na pande zote mbili za mpaka jina hilo limezoeleka kiasi kwamba halimshtui mtu tena. Lingefaa limshtue. Kiambishi kile kidogo -li- ndicho tunachokitumia tunapotaka kusema jambo limepita. Kijana akisema "nilimpenda", hakuna anayemuuliza harusi ni lini. Kila mtu anaelewa kwamba habari imekwisha, na pengine imekwisha vibaya. Sasa wasikilize wanaopiga simu redioni Jumapili mchana kuomba nyimbo hizo. Miongoni mwao wamo waliozaliwa baada ya mwimbaji wanayemtaka kuzikwa. Hawa hawakumpenda zamani, kwa sababu zamani hawakuwapo. Wanampenda leo. Hoja yangu katika makala haya ni kwamba mapenzi ya wasikilizaji wa Afrika Mashariki kwa waimbaji wa miaka ya 1960, na hasa kwa Fadhili William aliyetuimbia Malaika, si mabaki ya ujana wa mtu. Ni hukumu. Ni uamuzi juu ya ubora, uliotolewa na watu wengi wasiojuana, ukakatiwa rufaa na kila kizazi kilichofuata, na kila mara rufaa ikatupwa. Tunaikosea hukumu hiyo heshima tunapoiita kumbukumbu tu, na kosa hilo lina gharama, kama nitakavyoeleza.

Fadhili William Mdawida alizaliwa mwaka 1938, Mtaita, na jina lake la mwisho lenyewe linataja kwao, maana Wataita hujiita Wadawida. Alipoimba na Jambo Boys, na baadaye na bendi ya studio ya Equator Sound iliyokuwa chini ya Charles Worrod, Nairobi ilikuwa imejaa wanamuziki wa kutoka kila upande. Daudi Kabaka alizaliwa Uganda. Nashil Pichen na Peter Tsotsi walitoka Zambia. Watu hawa hawakuwa na lugha ya mama inayofanana, kwa hiyo wakaimba Kiswahili, na kwa sababu hiyo hiyo nyimbo zao zikavuka mipaka bila pasipoti. Muziki wenyewe haukuwa ngoma ya kijijini, wala haukuwa dansi kamili ya ukumbini yenye tarumbeta na safu ya magitaa. Ulikaa katikati: magitaa machache, kisa kifupi cha maisha, sauti moja mbele ya zote. Mtu aliweza kuusakatia twist Jumamosi usiku, na asubuhi yake akauimba peke yake akifua nguo. Naamini sehemu kubwa ya siri ya kudumu kwake iko hapo. Wimbo unaohitaji watu kumi na wawili na mitambo ya umeme hupata taabu bendi inapovunjika. Wimbo unaoweza kubebwa na mtu mmoja mwenye gitaa la kuazima hauna bendi ya kuvunjika.

Tuifanye hesabu. Santuri ndogo, zile za mizunguko 45, zilikuwa na wimbo mmoja kila upande, na katika miaka ya 1960 studio za Nairobi zilizitoa mfululizo. Nyimbo nyingi katika hizo leo hazijulikani isipokuwa na wakusanyaji wachache wa santuri. Zote zilianza na nafasi iliyokaribiana: redio ile ile, maduka yale yale, gramafoni zile zile za sebuleni na za vilabuni. Kama kinachoufanya wimbo upendwe ni uzee wake tu, basi zote zingependwa, kwa kuwa zote zimezeeka kwa pamoja. Hazikupendwa zote. Zilichekechwa. Na chekeche hilo halikushikwa na kampuni, kwa sababu studio nyingi zilizozirekodi zilifunga milango zamani na hazikuwa na shilingi ya kutangazia wimbo wa juzi, sembuse wa miaka sitini iliyopita. Wapo watakaosema lilishikwa na redio. Lakini redio yetu ilikuwa na vipindi vya salamu. Msikilizaji alinunua kadi, akaandika kwa kalamu majina ya ndugu na jamaa anaowasalimu, akataja wimbo anaoutaka, akaipeleka posta kwa gharama yake. Mtangazaji alisoma na kupiga alichoombwa. Mtu akilipia stempu ili asikie tena wimbo aliokwisha kuusikia mara mia, na jirani yake akafanya vivyo hivyo, na mtu wa wilaya nyingine wasiyemjua naye akafanya hivyo, hiyo ni kura. Tena ni kura ya gharama, isiyopigwa kwa kubonyeza kitufe.

Pingamizi la kwanza nalijua, na lina methali yake tayari: ujana ni moshi, ukienda haurudi. Kwamba mzee anayefumba macho Malaika inapopigwa hamsikilizi Fadhili William. Anajisikiliza yeye mwenyewe akiwa na miaka ishirini, na uhuru ungali mbichi, na nauli ya basi ikiwa senti. Sikatai kwamba wapo wasikilizaji wa namna hiyo, na wala si dhambi. Lakini maelezo haya yanashindwa mahali pawili. Kwanza, ujana wa mtu una nyimbo nzuri na mbaya, na kumbukumbu ingezihifadhi zote sawasawa, ilhali mzee huyo huyo ukimtajia santuri nyingine za mwaka ule ule atakwambia ile haikuwa kitu. Anachagua. Hata ndani ya ujana wake anahukumu. Pili, na hili ndilo zito, moshi wa ujana wa mwaka 1963 haumfikii msichana aliyezaliwa mwaka 2003. Yeye hakuona gramafoni. Nairobi ya Equator kwake ni mbali kama Nairobi ya reli. Anaposoma maneno ya wimbo ule kwenye simu yake ili ajifunze kuuimba na gitaa, hakumbuki chochote, anagundua. Na anachokigundua ndicho kile kile babu yake alichokisikia, ingawa wawili hao hawakubaliani juu ya muziki mwingine wowote duniani.

Pingamizi la pili ni la watu wanaojua historia ya rekodi, na linastahili jibu refu zaidi. Wanasema sisi tunaupenda wimbo huu kwa sababu wageni waliupenda kwanza. Miriam Makeba na Harry Belafonte waliuimba pamoja katika albamu yao ya mwaka 1965, na albamu hiyo ikapata tuzo ya Grammy ya mwaka 1966 katika fungu la muziki wa kiasili. Mwaka 1967 uliimbwa na The Hep Stars wa Sweden, bendi ambayo mpiga kinanda wake, Benny Andersson, baadaye alikuwa mmoja wa waanzilishi wa ABBA. Mwaka 1981 Boney M. waliutoa Ujerumani, na mwaka 1991 Angélique Kidjo wa Benin akautia katika albamu yake ya Logozo. Wimbo uliozunguka hivyo, wanasema, lazima urudi nyumbani ukiwa mkubwa, nasi tukaupokea kama tunavyompokea ndugu aliyerudi Ulaya na masanduku. Sifa ya nje ilisaidia. Kukana hilo ni ubishi. Makeba hasa aliufikisha mahali ambapo Fadhili peke yake asingeufikisha, na Afrika nzima ina deni kwake kwa hilo na kwa mengi zaidi.

Lakini kama sifa ya nje ndiyo chanzo, basi nyimbo ambazo hazikwenda nje zingekufa, na zilizokwenda nje zingerudi katika umbo lao la kigeni. Hakuna kati ya hayo lililotokea. Chukua Helule Helule ya Daudi Kabaka, mwenzake Fadhili wa Equator. Mwaka 1968 bendi ya Kiingereza, The Tremeloes, iliuimba na kuuingiza kwenye chati za Uingereza. Leo nenda kwenye sherehe yoyote ya Magharibi mwa Kenya uone ni rekodi ya nani inayopigwa. Ni ya Kabaka. Ya Waingereza ilikuja ikapita kama mvua ya vuli. Kisha chukua Msichana wa Elimu wa Kabaka huyo huyo, au Tausi ya Fundi Konde, nyimbo ambazo hazikuhitaji jina kubwa la ng'ambo ili zikae midomoni mwa watu. Vuka mpaka uende Morogoro: Salum Abdallah wa Cuban Marimba alifariki mwaka 1965, hakutajirishwa na chati ya nchi yoyote, na bado jina lake likitajwa mbele ya wapenzi wa muziki wa dansi wanakaa sawa kwenye viti. Wasikilizaji wetu walikuwa na kipimo chao kabla ya Grammy na wameendelea nacho baada yake. Malaika ilipimwa kwa kipimo hicho hicho ikafaulu. Tuzo ilikuja kuthibitisha jambo ambalo watu wa Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam walikwisha kulimaliza.

Kuna pia suala la mahoteli ya pwani, nitaligusa kidogo tu. Ni kweli kwamba bendi zinazozunguka meza za watalii huimba Malaika kila usiku, na ni kweli kwamba wimbo unaoimbwa mara elfu kwa mtu anayekula kamba huchujuka. Lakini hoteli iliuazima wimbo kutoka mtaani, si mtaa uliouazima kutoka hotelini. Linganisha na Jambo Bwana ya Them Mushrooms ya mwaka 1982, wimbo unaomkaribisha mgeni na kumwambia nchi ni nzuri; kazi yake ni hiyo, na inaifanya vizuri. Malaika haimkaribishi mtu. Inazungumzia umaskini na mahari, mambo ambayo mtalii hayahitaji kwenye chakula chake cha jioni, na anayafurahia kwa sababu tu haelewi anachoambiwa.

Hapa ndipo inabidi kuuangalia wimbo wenyewe kwa karibu, kwa sababu hukumu ninayoitetea ni hukumu juu ya kitu, na kitu hicho kina sura. Anayeimba ni kijana anayempenda binti, anataka kumwoa, na hana mali. Basi. Hakuna msaliti, hakuna mama mkwe mkali, hakuna mganga. Kikwazo ni fedha, na kijana hamlaumu mtu. Fedha zinamsumbua moyoni kama maradhi. Lawama ingekuwa rahisi kuimba na ingepata makofi ya haraka, lakini wimbo wa lawama huzeeka pamoja na adui wake. Huu hauna adui. Ndiyo maana unaimbwa na mtu wa mwaka wowote ambaye mfuko wake umeshindwa kuufuata moyo wake, na sijui mwaka ambao watu wa namna hiyo wamekosekana kutoka Bujumbura hadi Lamu.

Tena ni ajabu kwamba wimbo huu, unaohusu ndoa iliyoshindikana, umekuwa wimbo wa harusi. Wenye kejeli huuona huu kama uthibitisho kwamba mashabiki hawasikilizi maneno. Mimi nauona kinyume chake. Bwana harusi aliyesimama pale amevuka mto ambao kijana wa kwenye wimbo ulimshinda. Amekaa vikao, amechangiwa na shangazi na wafanyakazi wenzake, amekopa, ametoa ng'ombe au bahasha, na kila aliye ukumbini anajua ni nani alichanga nini. Wanapouimba kwa pamoja wanakumbuka jinsi ilivyobakia kidogo tu mambo yasiwe. Furaha yao ina kina kwa sababu wimbo umeweka huzuni chini yake. Watu wasioelewa maneno wasingeimba hivyo, wangecheza tu. Na ukitaka kujua ni kiasi gani wanauelewa, tazama wanavyopunguza sauti wakifika kwenye mali, watu mia nne, bila kuelekezwa na mtu.

Sauti ya Fadhili ndiyo iliyofanya hilo liwezekane. Anaimba kama mtu anayeongea na mtu mmoja aliye karibu. Haongezi madoido, hapandishi sauti ili umhurumie, na Kiswahili chake kinatoka silabi kwa silabi. Mzungumzaji wa lugha hii hasiti hata mara moja akimfuata. Jaribu kulinganisha na matoleo mengi ya nje. Kuna neno moja ambalo katika maandishi mengi ya wimbo huu huandikwa hukuwaza. Kwenye karatasi neno hilo lina maana mbili zinazopingana. Ukilisoma kwa hu- ya mazoea, ni mtu asiyeacha kukuwaza mchana na usiku. Ukilisoma kwa hu- ya kukanusha, ni shutuma: wewe hukuwaza, hukutia akilini. Msikilizaji aliyekua na Kiswahili huchagua maana bila kujua kwamba amechagua, kwa sababu muktadha na sauti ya mwimbaji humwongoza. Wapo waimbaji wetu wanaoona heri waimbe nakuwaza ili wafunge mlango wa shaka. Mwimbaji aliyeikariri lugha kwa sikio, hata awe na sauti ya kupasua mawe, huzibeba maana zote mbili kwa pamoja na haijui hata moja. Silisemi hili kuwadharau akina Makeba. Nalisema kwa sababu mashabiki wa huku wamelisema muda mrefu, kwa maneno mepesi kuliko haya yangu: wanasema ya Fadhili ndiyo yenyewe. Wakiulizwa kwa nini, wengi hawana la kujibu. Lakini sikio lao linajua sarufi.

Sasa nije kwenye pingamizi gumu kuliko yote. Fadhili William hakuachwa aumiliki wimbo huu kwa amani. Adam Salim, mwanamuziki wa Tanzania, alidai kwamba yeye ndiye aliyeutunga Nairobi katika miaka ya 1940, na wapo wengine waliotajwa kuwa waliuimba au kuutunga kabla haujaingia studio. Fadhili naye alishikilia kwamba ni wake, na kwa kuwa yeye ndiye aliyetangulia kuurekodi, jina lake ndilo lililokaa kwenye karatasi. Sitajifanya hakimu wa kesi hiyo. Swali linalonihusu ni hili: kama wimbo huenda ni wa mwingine, mapenzi ya mashabiki kwa Fadhili yamejengwa juu ya mchanga?

Utamaduni wetu una jibu la zamani kuliko studio zote. Siti binti Saad wa Zanzibar, aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri na kumfanya Shaaban Robert aandike wasifu wake, aliimba mashairi mengi yaliyotungwa na watu wengine. Kila mpenzi wa taarabu alijua hivyo. Taarabu siku zote ilitofautisha mtunzi wa maneno, mtia muziki na mwimbaji, na kila mmoja alipewa chake. Bi Kidude aliimba nyimbo za Siti hadi uzeeni, akafariki mwaka 2013 akiwa anapendwa Unguja na mbali zaidi, na hakuna aliyesimama ukumbini kumwambia ashuke kwa kuwa wimbo si wake. Alichokitia yeye kilikuwa chake: ile sauti ya mkwaruzo, ule ukaidi wa kukokota neno mpaka likubali. Kumpenda mwimbaji ni kupenda alichokifanya, na alichokifanya Fadhili kimo ndani ya rekodi, kinasikika, hakihitaji shahidi. Akithibitishwa kesho mtunzi mwingine, sauti ile haitahama koo. Hoja hii, nakiri, inaweza kutumiwa vibaya na mtu anayetaka kumnyima mtunzi haki yake, na ndiyo maana inabidi isemwe pamoja na mwenzake: anayempenda mwimbaji kwa kile alichokifanya hana sababu ya kuogopa jina la mtunzi litajwe. Wanaoogopa ni wanaogawana fedha. Shabiki hana mgawo humo, na kwa hiyo anaweza kuwa mkweli.

Fedha zenyewe ni sura ya aibu. Fadhili aliishi Marekani miaka mingi, mbali na jukwaa la nyumbani, akarudi Kenya na kufariki mwezi Februari mwaka 2001 bila ya utajiri ambao mtu angeutarajia kwa mwenye sauti iliyozunguka dunia. Wapo wanaosema kwa uchungu kwamba mapenzi yasiyomlisha anayependwa ni maneno matupu, na sina haraka ya kuwajibu, kwa sababu wana haki ya kuuliza. Ila waangalie fedha zilipita wapi. Shabiki wa miaka ya 1960 alinunua santuri, na duka likapokea. Shabiki wa miaka ya 1980 alinunua kaseti, na mara nyingi kaseti ile ilikuwa imerudufiwa kwenye kibanda nyuma ya stendi, yeye asijue tofauti wala asiwe na namna ya kuijua. Watu walilipa. Walilipa miaka arobaini. Njia ya kutoka mkononi mwao hadi kwa mwimbaji ndiyo iliyokuwa na matobo, na matobo hayo hayakutobolewa na mapenzi.

Na sheria, kwa upande wake, inaelekea kuondoka jukwaani. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, haki ya mtunzi hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake, lakini haki katika rekodi ya sauti hudumu miaka 50 tu tangu rekodi ilipofanywa. Piga hesabu mwenyewe. Rekodi yoyote iliyofanywa Nairobi kabla ya mwaka 1970 imekwisha kutoka kwenye ulinzi huo. Wimbo kama utunzi bado una mwenyewe kisheria. Ile sauti, pumzi ile ya studio ya Equator, kama rekodi haina tena mlinzi wa kumkimbilia. Yeyote atakayeshughulikia haki ya utunzi anaweza kuichukua, akaikata, akaitia kwenye tangazo la sabuni. Hapo ndipo ninaposema kuiita hukumu ya mashabiki kumbukumbu kuna gharama. Tukiamini kwamba nyimbo hizi zilipendwa, na mapenzi yamekwisha na kilichobaki ni wazee wanaopungua, basi hakuna sababu ya kuhangaika: tuwasubiri wazee. Tukiamini kwamba zinapendwa, na kwamba mapenzi hayo ni ushahidi wa thamani, basi tuna wajibu wa kufanya vile jamii inavyofanya kwa kitu cha thamani. Kukihesabu, kukiandika jina, kukitafutia mahali pakavu.

Tanzania iliwahi kuwa na kitu cha kuanzia, kwa sababu bendi zake zilirekodi Radio Tanzania Dar es Salaam na kanda zile kubwa zikabaki mikononi mwa shirika la umma. Kenya hali ni tofauti: muziki ulikuwa biashara ya studio binafsi, na biashara ilipofungwa, kanda za asili zikatawanyika au zikapotea. Kilichosalia kimesalia kwa sehemu kubwa majumbani, katika santuri zenye mikwaruzo ambazo mtu alikataa kuzitupa wakati familia ilipohama nyumba. Huko kukataa kutupa ndiko kulikoifikisha sauti ya Fadhili hapa ilipo. Wengi wa wakataaji hao hawajawahi kujiona wahifadhi wa chochote. Wao walipenda wimbo.

Na kuna kitu kimoja walichonacho wao ambacho faili la kwenye simu halina. Faili linasema Malaika, na chini yake pengine "wimbo wa Kiafrika", basi. Lebo ya santuri, ile karatasi ya duara katikati, ilichapishwa jina la mwimbaji, bendi na namba ya toleo, na mara nyingi mtunzi pia, kwa herufi ndogo ambazo mtangazaji wa miaka ile alizisoma hewani kabla ya kuteremsha sindano. Mwenye santuri za Equator ndani ya sanduku, Voi, Tanga, Eldoret au Muscat, asingoje mtafiti. Azitoe leo, azifute vumbi kwa kitambaa kikavu, apige picha ya lebo pande zote mbili mchana penye mwanga, namba ya toleo ionekane vizuri, na aziandike nyuma ya daftari kwa mkono wake: nani anaimba, nani anapiga, ilinunuliwa wapi. Upande wa pili wa santuri hasa. Ule usioombwa redioni.